Re: Jaketi la kusafiria mashua ya tanga linalowa mabegani, nitupe?

Mkuu usitupe kwanza. Umesema lina misimu miwili tu na mabega yanalowa kila bahari ikichafuka, mi nahisi hata halivuji, limejaa chumvi. Chumvi ikikaukia kwenye kitambaa inavuta unyevu, kitambaa cha nje kinalowa chepechepe, jasho lako linakosa pa kutokea linabaki maji humo ndani na wewe unaona kama ni wimbi ndo limepenya.

Dondoshea maji begani uone. Yakiviringika kama shanga uko poa, yakinywewa pakawa peusi ujue ile dawa ya kufukuza maji iliyopakwa kitambaa cha nje imechoka.

Kila ukirudi suuza kwa maji yasiyo na chumvi, hasa kola, zipu na velkro za mikononi (zipu mi niliipuuza ikaganda, nikatoka kwenye jaketi kwa kulivulia kichwani). Mara mojamoja fua kwa sabuni maalum ya nguo za kuzuia maji, sabuni ya unga ya kawaida na softna achana nazo kabisa, zinabaki kwenye kitambaa zinavuta maji. Lebo ikiruhusu, weka kwenye draya (mashine ya kukaushia nguo) joto dogo, joto linaamsha ile dawa, ikigoma ndo unapulizia mpya likiwa safi. Sio juu ya uchafu.

Ila geuza ndani pia ucheki: tepu za kuziba mishono zikibanduka zinabandikika, utando wa ndani unaozuia maji ukiwa unachunika kama ngozi iliyoungua jua hapo kweli tafuta jingine.