Jibu: Diski mpya ya laptopu inafanya "tik" na kuvuma, je ni mbovu?

Mkuu, kwa ulivyoeleza, umetoa diski ya zamani ukaweka mpya, na sasa mashine ikitulia unasikia "tik" kila baada ya sekunde chache, halafu kuna mvumo upande wa kiganja cha kushoto ambao zamani haukuwepo. Waliokwambia hapo juu kwamba diski imeshakufa wamewahi mno. Hizo ni sauti mbili, na kila moja ina lake.

Mvumo ndio rahisi. Toa diski, washa mashine bila hiyo. Italalamika kwamba haioni pa kuwakia. Iache ilalamike, wewe sikiliza. Mvumo ukiwa palepale, diski haihusiki, kagua kama kuna waya unaogusa feni. Mvumo ukikata, tazama unene wa diski. Diski nyingi za zamani za inchi 2.5 zilikuwa na milimita 9.5, za sasa nyingi ni 7. Ukiweka nyembamba kwenye nafasi ya nene bila fremu yake na vile viraba vya pembeni, inachezacheza na kifuniko chote cha chini kinavuma. Laptopu ya binti yangu ilirudi kutoka kwa fundi ikiwa na skrubu moja tu, raba hakuna. Ukibonyeza kifuniko kwa kidole gumba mvumo unakata, ukiachia unaanza upya. Raba zilipopatikana, kimya. Ila kama umehama kutoka diski ya mizunguko 5400 kwa dakika kwenda 7200, mtetemo kidogo utabaki, uzoee tu.

Sasa hiyo "tik". Diski za laptopu hupaki vichwa vyake vya kusomea nje ya sahani zinazotunza data zikikosa kazi, ili mashine ikidondoka visikwaruze, na chaji isiliwe bure. Kuna zilizopangwa na kiwanda kupaki haraka kupita kiasi: ukimya kidogo, vichwa vinapaki, Windows inaandika kitu, vinatoka tena. Si ugonjwa, ila umri unaliwa, maana diski nyingi hukadiriwa kupaki mara 300,000 au 600,000. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya Windows ya kuangalia afya ya diski, uangalie mstari wa C1, yaani mara ambazo vichwa vimepaki. Namba huja kwa heksadesimali (hesabu ya 16, yenye herufi A hadi F), zigeuze kuwa desimali kabla hujashtuka. Humohumo kuna sehemu ya AAM/APM; APM ndiyo mpangilio wa diski wa kubana umeme. Pandisha APM hadi FE, yaani 254. Kwenye Linux ni hdparm -B 254, ikifuatiwa na jina la diski. Diski nyingine husahau zikizimwa, itabidi amri ijiendeshe kila mashine inapowaka.

Ya kuogopa ni "klak" nzito yenye mapigo yanayofanana, huku mashine inaganda, au BIOS (programu ya mashine inayowaka kabla ya Windows) leo inaiona diski, kesho haiioni. Hapo angalia mistari ya 05 na C5, inayohesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshukiwa. Ikiwa zaidi ya sifuri na inapanda, usifomati, wala usiendeshe vipimo virefu vya kuitesa. Kopi kwanza faili ambazo zikipotea utalia, nyimbo na sinema zisubiri. Halafu irudishe ulikonunua wakati warantii bado ipo hai.

Tuwekee hapa namba za C1, 05 na C5, na useme kama "tik" inakoma ukiwa unakopi faili kubwa. Ikikoma, shughulika na APM.