Nyumba ya mpito: kuondoka hupangwa siku ya kuingia

Mama anayefika usiku na watoto kwenye nyumba ya mpito, yaani makazi ya muda ya familia zisizo na pa kuishi, hahitaji fomu ya kurasa sita. Muulize mambo manne tu: nani anaumwa, nani anatumia dawa, yuko anayewatafuta kwa ubaya, na watoto wamekula lini. Mengine yasubiri siku ya pili au ya tatu. Mtu aliyechoka hujibu lolote ili aachwe alale, na majibu hayo ndiyo huvuruga mipango yote inayofuata.

Kama amemkimbia mtu mkatili, anzeni na simu yake. Mahali alipo pasionekane na mwingine, nywila zibadilishwe kwa kutumia kifaa tofauti, na simu za watoto zikaguliwe pia, maana mara nyingi akaunti ilifunguliwa na baba. Ujumbe wa vitisho usifutwe, ni ushahidi. Wafadhili nao wasipige picha langoni, hata wakinuna.

Kila familia ipate chumba chake chenye kitasa. Bweni ni rahisi kuendesha, lakini halimfai mwenye kijana wa kiume. Nyumba nyingi hukataa wavulana waliobalehe, kisha zinashangaa kwa nini mama amerudi alikotoka: hakuwa tayari kumwacha mwanawe. Chumba cha familia na bafu linalofungwa kwa ndani humaliza sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Kunguni watakuja, msijidanganye. Vitanda viwe vya chuma, magodoro yavalishwe mifuko ya zipu, na nguo zote, pamoja na midoli ya kitambaa, zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 siku ya kuingia. Kupuliza dawa mara moja hakutoshi kwa sababu mayai mengi hupona; rudieni baada ya wiki mbili hivi.

Sasa kuondoka, ambako ndiko kazi yenyewe ilipo. Muda wa kukaa kwa kawaida ni kati ya miezi 6 na 24, na huyeyuka haraka. Wiki ya kwanza fuatilieni kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na barua za uhamisho wa shule. Nyaraka zikichelewa, hakuna akaunti wala mkataba wa pango. Akiba iwekwe kwa jina lake mwenyewe, kamwe si kwenye kasha la mhasibu wa nyumba. Lengo lake ni amana, kodi ya miezi ya mwanzo, godoro na jiko.

Malezi ya mchana yapangwe kabla ya kutafuta kazi, la sivyo ataajiriwa na kuacha mwezi huohuo. Na kama lango hufungwa saa mbili usiku, anayefanya kazi za zamu apewe ruhusa ya maandishi; tumeona sheria hii ikiwanyima watu ajira bila sababu yoyote ya maana.

Akishahama, msilipe kodi yote kisha mkate ghafla. Lipeni yote mwezi wa kwanza, theluthi mbili wa pili, theluthi moja wa tatu. Mtembeleeni au mpigieni kwa miezi 6, hasa siku chache kabla kodi haijaiva.

Kuhusu misaada: nguo kuukuu zimejaa stoo. Kinachopungua ni chupi mpya, taulo za kike, nepi, vitasa na nauli.