Tawi Lililofungwa Mtini

Wiki hii mmeuliza ni jamaa gani mkatili wa ngano za kale ambaye msomaji hajapata kumsamehe. Naona kabisa majibu mengi yatamwangukia mama wa kambo. Mimi mwenyewe ni mama wa kambo, watoto wawili, huu mwaka wa tisa, kwa hiyo nisomeni mkijua nina upande. Ninayemwekea kinyongo ni baba yao Hansel na Gretel, wale kaka na dada wa ngano ya Kijerumani.

Kisa mnakijua. Mkata kuni maskini, njaa imeingia nchini, mkate hauwatoshi watu wanne. Usiku mke anamwambia mumewe watoto wakaachwe katikati ya msitu. Mume anakataa, anabembelezwa, analainika. Wasomaji wengi humwonea huruma hapo hapo: mtu mwema aliyezidiwa na ulimi wa mkewe. Lakini someni mpaka msituni. Watoto wameketi kando ya moto wala hawana wasiwasi, maana wanasikia shoka likigonga jirani, baba yupo. Kumbe si shoka. Ni tawi ambalo baba amelifunga kwenye mti mkavu, na upepo unalipigiza huku na huku.

Nilipokisoma kipande hicho nikiwa mtu mzima niliweka kitabu chini. Kukubali shingo upande usiku wa manane ni jambo moja. Kutafuta tawi, kuchagua mti uliokauka ili mlio wake ufanane na wa shoka, kukaza fundo, halafu kuondoka kwa kunyata, hayo yanataka akili na muda. Alikuwa na nafasi ya kughairi kila alipoizungusha kamba. Na chambo alichokitumia ni sauti waliyokua nayo, sauti ya riziki yao wenyewe!

Adhabu yake? Watoto wanarudi na lulu na vito, wanamrukia shingoni. Tunaambiwa tangu awaache hakuonja hata saa moja ya furaha, basi, deni limelipwa. Mke amekwisha kufa, kwa maradhi gani hatuelezwi.

Tena huyo mke hakuanza kama mama wa kambo. Ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipochapa ngano walizokusanya mara ya kwanza, mwaka 1812, alikuwa mama mzazi. Ukambo alivishwa katika toleo la 1840. Malkia anayemwinda Schneewittchen, yule binti mweupe kama theluji, naye alikuwa mama wa kumzaa mwaka 1812, akageuzwa wa kambo mwaka 1819. Nadhani mama mzazi alionekana mtukufu mno kutwishwa unyama ule, ikatafutwa shingo nyingine. Sisemi hofu ya mama wa kambo haikuwa na mizizi. Uzazi uliua wanawake wengi enzi hizo, wagane wakaoa upesi, na watoto wa matumbo mawili wakagombea chungu kimoja na urithi mmoja. Ila hakuna aliyeona haja ya kumgeuza mkata kuni kuwa baba wa kambo.

Ukishamwona huyu, unaanza kuwaona wenzake. Baba wa Schneewittchen anaoa tena, kisha anatoweka katika hadithi kama moshi, huku mkewe akimalizwa kwa kuchezeshwa ngoma katika viatu vya chuma cha moto. Katika Cinderella ya hao hao Grimm baba yu hai, yumo nyumbani. Mwana wa mfalme anapomuuliza kama hana binti mwingine, anajibu kwamba kuna kasichana kalikodumaa alikoachiwa na marehemu mkewe, hako hakawezi kuwa bibi harusi. Anamsema hivyo mwanawe wa damu! Siku ya harusi njiwa wanawadonoa macho dada wa kambo, yote manne. Baba hawamgusi.

Na katika ngano yao nyingine yupo msaga nafaka aliyemkata bintiye mikono yote miwili ili yeye asichukuliwe na shetani. Baadaye, ametajirika, anaahidi kumtunza kifahari maisha yake yote. Binti anakataa. Anaomba afungwe vigutu vyake mgongoni, na jua linapochomoza anaondoka. Hiyo ndiyo ngano pekee kati ya hizi ninayoipenda bila kinyongo.

Nyumbani kwetu msomaji wa usiku ni mimi. Juzi sauti ilikuwa imenikauka, nikampa mume wangu kitabu. Alisoma vizuri tu mpaka msituni. Alipofika kwenye tawi akanyamaza, macho yakapita juu ya mistari, kisha akaendelea na watoto wakiwa wamekwisha lala usingizi. Mdogo, anayekijua kisa neno kwa neno, akanyanyua kichwa kitandani.

"Baba, umeruka."