Paka amezaa na sasa amekua mkali, nani kamfunza?

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Paka wetu hapa Langoni kazaa mara ya kwanza, watatu, pale dakani chini ya baraza. Alikua mpole, watoto wamvuta mkia hasemi kitu, saa hii ukipita tu akurukia, juzi punda wa jirani kaingiza pua dakani akaparurwa mpaka damu. Na hajawahi kuona paka mwengine akilea. Mume wangu ataka tukamtupe mbali. Nifanyeje? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Waaleikum salaam dada. Tafadhali msimtupe, wale wachanga watakufa na mama yao hajakosa kitu.

Hakufunzwa na mtu, kazaliwa nayo. Chini ya ubongo kuna kisehemu kidogo chaitwa haipothalamasi, ndo chashika njaa, kiu, joto la mwili, na humohumo kupandana, kupigana na kulea. Mswisi Walter Hess aliwatia paka waya nyembamba mle ndani, akipitisha umeme kidogo paka aliyetulia afura manyoya na kushambulia, na kwa utafiti wake wa ubongo akapewa Nobel 1949. Alafu 2011 kule Marekani Dayu Lin na David Anderson wakawasha kwa mwanga seli chache za hapo kwenye panya dume, akavamia hata glavu iliyojazwa hewa, glavu jamani, si adui wala nini!

Kulea nako kuna seli zake, mbele kidogo ya hizo za ugomvi. Panya dume asiyewahi kupanda kawaida huua vitoto, lakini Catherine Dulac na wenzake wa Harvard mwaka 2014 walipoziwasha seli za kulea yule dume akaacha kuua akaanza kuwalamba, na walipoziharibu kwa majike ulezi ukavurugika. Mimi hili lanigusa sana, kua huruma ya mama ina mahali pake kichwani.

Sasa huyo wenu, mimba na uzazi zimemwagia homoni kama oksitosini na prolaktini, upole kwa wanawe na ukali kwa mgeni vimekuja pamoja. Kumpiga kutamzidishia hofu tu. Mwekeeni boksi na kipande cha leso hapohapo dakani, chakula na maji karibu, watoto wasiwashike vichanga wiki hizi za mwanzo na madume ya mtaani yafukuzwe maana huweza kuua. Vikianza kula wenyewe, kama wiki ya nne hivi, mtaona apoa polepole. Na mwenye punda mwambieni ampitishe upande wa pili.