Halua ya Wete kwenye theluji

Tangu nirudi Unguja, nikifika Maisara jioni sikosi kijana wa kuniuliza: "Kaka, kule kwenye theluji mtu anakimbiaje?" Wengi wanataka habari za viatu na makoti. Mimi nawapa habari ya chakula, maana kilichonitoa mbioni kule kaskazini ya Ufini ni njaa, na wala sikuitambua kuwa ni njaa.

Zilikuwa kilomita 66, nyuzi 24 chini ya sifuri, kila mtu anaburuta mzigo wake kwa kamba kiunoni. Nikaanza na mbwembwe za mtoto wa pwani: koti zito, mwendo wa mbio. Saa ya pili nimeshalowa jasho. Nilipopunguza mwendo jasho likapoa mwilini, nikaanza kutetemeka. Hapo ndipo hesabu ilipoharibika, kwa sababu kutetemeka nako ni kazi. Misuli inacheza ili itoe joto tu, na mwili unaweza kuchoma nguvu mara nne au tano ya unapokuwa umetulia. Nguvu hizo nyingi zinachotwa kwenye glikojeni, ile sukari iliyowekwa akiba katika misuli na ini. Akiba yenyewe ni kama kalori 2,000 hivi, na ndiyo hiyo hiyo miguu inayoitaka. Mafuta ya mwilini yapo tele hata kwa mwembamba kama mimi, lakini yanaungua taratibu.

Mfukoni nilikuwa na tende. Zimekuwa mawe. Nikang'ata moja, jino likalia, nikairudisha. Maji nayo yameganda, na kiu sina. Baridi huizima kiu huku kila pumzi inaondoka na maji yako, na haja ndogo haikwishi. Kilomita ya 41 nikakaa juu ya mzigo, nikaona raha. Sitetemeki tena! Mama mmoja mtu mzima, mshiriki mwenzangu, akanishika bega akaniuliza leo siku gani. Nikamjibu kwa Kiswahili. Akaita watu wa uokozi. Basi mwenzio akiacha kutetemeka na hajapata moto wala nguo kavu, usimwambie "afadhali".

Mwaka uliofuata nilirudi na halua aliyoipika shangazi yangu kule Wete, Pemba. Niliikata vipande vya kidole, nikashona mfuko ndani ya fulana, kifuani, isigande. Kila nusu saa kipande kimoja, nina njaa sina njaa. Sukari inafika upesi. Samli ina kalori tisa kwa gramu, zaidi ya mara mbili ya sukari. Nguo nilivaa nyepesi, nikaanza na kibaridi makusudi, koti kavu likingoja kwenye mzigo. Nilimaliza, wa nyuma nyuma lakini nilimaliza.

Msidhani lakini kula kunatosha kuziba pengo lote. Wale wasafiri wa Kiingereza, Ranulph Fiennes na Mike Stroud, walipovuka Antaktika kwa miguu, 1992 hadi 1993, walikula kalori zaidi ya 5,000 kwa siku, na bado kila mmoja alipungua zaidi ya kilo 20.

Nyinyi mnaojiandaa kwa Kilimanjaro, usiku wa kupanda kileleni fanyeni hivyo hivyo. Ila halua chukueni iliyokazika. Ile laini inatoa samli, na fulana yangu ya kwanza haijatakata mpaka leo.