Ukifika Sanchi, anza na majina

Wengi wanaotoka Bhopal, katikati ya India, kwenda Sanchi, safari ya kilometa kama 46, hukimbilia malango manne ya Stupa Kuu, jengo la kale la Kibuddha lenye umbo la kuba, wakapiga picha za tembo waliochongwa, wakageuza. Malango ni mazuri, sikatai. Ila mimi nashauri uanze na uzio wa mawe unaoizunguka stupa, uukague nguzo kwa nguzo, fito kwa fito. Mwongozaji niliyempata alinipitisha pale mbiombio. Nilipomaliza naye nikarudi peke yangu, na hapo ndipo ziara yangu ilipoanza.

Kwenye mawe ya Sanchi kuna maandishi ya wachangiaji yanayozidi 600. Mengi ni mstari mmoja tu: fulani, wa mji fulani, zawadi yake. Huhitaji kujua Kiprakriti, lugha ya kale ya India iliyotumika hapa. Tafuta mwishoni mwa mstari alama kama T iliyosimama kichwa chini, yenye nukta pembeni. Hapo ndipo linapoishia neno danam, yaani zawadi. Mwaka 1837 James Prinsep, Mwingereza aliyechunguza maandishi ya kale ya India, akiwa na nakala za maandishi haya, aliona mengi yanafunga kwa alama zile zile, akakisia kwamba ni habari za utoaji. Kwa ufunguo huo hati ya Brahmi, yaani herufi za kale za India zilizotumika hapa, ikasomeka.

Nenda asubuhi mapema au jua likishainama, maana herufi hazikuchimbwa sana na mwanga wa ubavuni ndio unaozitoa. Kwenye kivuli, washa tochi ya simu uilaze karibu na jiwe. Chaki na maji usithubutu.

Sasa waangalie waliotoa. Kuna wafanyabiashara, mwandishi, mfumaji, hata vijiji vizima. Watawa ni wengi, wa kiume na wa kike, jambo lililonishangaza kwa watu tunaodhani waliaga mali. Baadhi ya wanawake wametajwa kwa mtoto, mama wa fulani, kama tunavyosema Mama Juma. Lango la kusini usilikose: wachonga pembe za ndovu wa Vidisha, mji wa jirani, wameandika kwamba uchongaji ni kazi yao. Hapo hapo yupo Ananda, msimamizi wa mafundi wa mfalme Satakani. Mfalme ametajwa kwa sababu ya fundi wake, na mimi hilo linanifurahisha kuliko tembo wote. Kuna pia laana kwa atakayeng'oa mawe na kuyahamishia kwingine.

Kama safari yako inaishia Kolkata, usisikitike. Uzio wa Bharhut, stupa nyingine ya kale, umo kwenye Jumba la Makumbusho la India, umehifadhiwa ndani. Huko, mbali na majina ya watoaji, michoro mingi imeandikwa inaonyesha nini, kwa hiyo kwa anayeanza naona ni rahisi kuliko Sanchi. Tenga nusu siku.