Hiyo strakti inaishi wapi? Kwa wanaoanza kutunza baindingi za Vulkan

Wiki hii nimekataa maombi matatu ya kuunganisha kodi yenye kosa lilelile, pointa (anwani ya kitu kwenye kumbukumbu) inayobaki baada ya kitu chenyewe kufa, kutoka kwa watu watatu tofauti, na wote ni wadogo zangu ninaowapenda. Wa kwanza nilimwandikia maelezo marefu. Wa pili nikamtumia maelezo ya wa kwanza. Lilipofika la tatu nilifunga kompyuta, nikatoka Njiro kwa miguu hadi mjini Arusha, nikanunua hindi la kuchoma karibu na Mnara wa Saa, na kabla sijalimaliza nikaona kwamba haya nilipaswa kuwaandikia tangu siku mliyoingia. Haya basi: kanuni za kutunza baindingi zetu, yaani kodi inayoiwezesha lugha ya Rust kuita Vulkan, mfumo wa C wa kuzungumza na kadi ya picha.

Nachukulia kwamba Rust mnaijua, pembetatu ya kwanza ya Vulkan mmeshaichora, na mnajua kwa nini ilidai mistari karibu elfu moja.

1. Usiguse faili lililozalishwa. Vulkan yote, tangu toleo 1.0 la Februari 2016 hadi 1.4 la Desemba 2024, imeelezwa ndani ya vk.xml, faili la Khronos, shirika linaloitunza, na kizalishaji chetu, programu inayoziandika baindingi, kinasoma humo. Ukirekebisha matokeo kwa mkono, siku nikikiendesha tena kazi yako inafutika na hakuna atakayekuambia. Rekebisha kizalishaji.

2. Enamu (orodha ya thamani zenye majina) ya C si enamu ya Rust. Draiva (programu inayoiendesha kadi ya picha) mpya inaweza kukurudishia namba ambayo baindingi zako hazijawahi kuisikia. Katika C hiyo ni namba tu. Katika Rust, enamu ikishabeba thamani isiyo kwenye orodha yake, programu imeshavunja kanuni hata kabla hujaifanyia match. Tumia strakti (data zilizofungwa pamoja) yenye i32 (namba nzima) moja ndani na konstanti pembeni. Nimelirudia hili mara nyingi mno; hata mama anayetuletea chai akisikia neno enamu anaanza kucheka.

3. Ukiweka pointa ndani ya strakti, sema kitu inachokielekea kinaishi wapi. Hapa nitakaa kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye timu ndogo iliyotengeneza onyesho la Kilimanjaro la pande tatu. Unaanzia lango la Marangu, unapita Mandara, Horombo na Kibo, unafika Uhuru, mita 5,895. Mteja alilitaka kwa ajili ya maonyesho ya utalii. Mimi nilipewa tabaka la kati, ile kodi inayozungumza na Vulkan, ili wenzangu wasihitaji kuandika unsafe (kodi ambayo kompaila haihakikishi usalama wake) hata mara moja.

Humo niliandika funksheni niliyojivunia sana. Inapokea orodha ya vipengele unavyovitaka kwenye kadi ya picha, inajaza strakti ya vipengele vya Vulkan 1.2, inaweka anwani yake kwenye pNext (pointa ya kwenda strakti ya nyongeza) ya maelezo ya kifaa, kisha inakurudishia maelezo hayo tayari kwa vkCreateDevice, funksheni ya kuunda kifaa. Mistari kumi na minne. Kwa anayeitumia ilikuwa funksheni salama, haina onyo lolote. Baindingi tulizotumia enzi hizo zilikuwa na bilda: ukimaliza unaita build, nayo inakupa strakti ya C yenye pointa ghafi, muda wa uhai (alama inayoiambia kompaila kitu kinaishi hadi lini) umeshatupwa. Strakti yangu ya vipengele ilikuwa kwenye steki (kumbukumbu ya muda) ya funksheni ileile. Funksheni iliporudi, nyumba ilibomolewa, anwani ikabaki juu ya bahasha.

Kwenye mashine yangu ilifanya kazi. Katika modi ya debagi (ya majaribio) hakuna kilichokuwa kimeandikwa juu ya sehemu ile ya steki mpaka vkCreateDevice inaitwa, kwa hiyo draiva ilisoma baiti za marehemu na kuzikuta kama alivyoziacha. Tuliishi hivyo wiki tano. Siku tuliyojenga rilizi (ya kumpa mteja, iliyoongezwa kasi), programu ikafa wakati wa kuwaka. Nikaongeza mstari wa kuchapisha ujumbe ili nione inafia wapi, ikaacha kufa. Nikiutoa, inakufa. Nikiurudisha, inapona.

Sasa sikilizeni hapa. Sikujua kosa liko wapi, lakini nilijua kabisa kwamba mstari wa kuchapisha hauponyi kitu. Ilikuwa Alhamisi, maonyesho yanafunguliwa Ijumaa, umeme ulikuwa umekatika mara mbili tangu asubuhi na betri yangu ilikuwa inaelekea kuisha. Niliuacha ule mstari, nikaandika maoni pembeni yake, "usiondoe", nikatuma kwa mteja.

Ijumaa saa nne asubuhi mteja akapiga simu. Kompyuta ya pale ilikuwa na kadi ya kampuni nyingine, na kwa hiyo draiva nyingine. Programu haikuwaka hata mara moja. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Tatizo ni mashine yetu au programu yenu?" Nikamjibu kwamba huenda ni draiva yao. Akamtuma kijana wake apakue draiva mpya kwa bando la simu, wakapoteza asubuhi yote, na watu waliofika kwenye meza yao wakaoneshwa picha moja ya mlima iliyosimama. Krashi hutokea kwa kila mtu. Jibu lile nililomjibu ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jumamosi akaja dada aliyenitangulia kazini. Hakugusa kibodi. Aliisoma funksheni yangu mara moja, akaweka kidole kwenye mstari wa pNext, akaniuliza, "Hiyo strakti inaishi wapi?" Nikafungua mdomo kumjibu, nikaufunga. Jumatatu nilimpigia mteja, nikamwambia draiva yake haikuwa na kosa.

Leo kazi hii ni rahisi zaidi. Maktaba ya ash (baindingi za Vulkan kwa Rust), tangu toleo 0.38 la mwaka 2024, imeziondoa bilda za aina ile. Strakti zenyewe sasa zinabeba muda wa uhai kupitia PhantomData, ambayo haichukui hata baiti moja, kwa hiyo umbo linaloonwa na C halibadiliki. Baindingi zetu nazo zinafuata njia hiyo. Funksheni yangu ile, kompaila ya leo ingeikataa kwa kosa E0515 (kurudisha kitu kinachoelekea kigeu cha ndani ya funksheni) kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo tuyaangalie maombi ya wiki hii. Wa kwanza alichukua as_ptr (pointa) ya safu ya vipaumbele vya foleni. Alipojaribu kwa safu yenye 1.0 tu ilikubali, kwa sababu Rust huihamishia konstanti kama hiyo kwenye kumbukumbu ya kudumu. Alipoweka jina la kigeu mahali pa 1.0, safu ikawa inakufa kwenye nukta-mkato ya mstari uleule, na pointa inabaki. Wa pili alitengeneza CString (maandishi ya mtindo wa C) na kuchukua pointa yake ndani ya mstari mmoja, kwa hiyo jina la funksheni ya sheda (programu ndogo inayoendeshwa na kadi ya picha) lilikuwa limeshafutwa kabla Vulkan haijalisoma. Kwa majina yasiyobadilika tumia c"main", ipo tangu Rust 1.77. Wa tatu alichoshwa na malalamiko ya kompaila, akaibadilisha strakti kwa transmute (kulazimisha aina moja isomwe kama nyingine) iwe na uhai wa 'static (wa programu nzima), kisha akaifunika kwa funksheni salama. Mdogo wangu, kompaila ilikuwa inakuuliza swali la yule dada, nawe ukaiziba mdomo.

4. Ukiita funksheni ya kuhesabu mara mbili, mara ya kwanza kupata idadi na mara ya pili kupata orodha, idadi inaweza kubadilika katikati. VK_INCOMPLETE ni jibu halali. Rudia.

5. Drop (Rust inapokifuta kitu) haiingojei GPU, yaani kadi ya picha. Unapoitupa bafa, kadi inaweza kuwa bado inaisoma kwa ajili ya fremu uliyoituma kabla. Ngojea fensi (ishara kwamba kadi imemaliza) ya fremu hiyo, au vkDeviceWaitIdle kama unafunga programu yote. Na kumbukeni mpangilio: sehemu za strakti hutupwa kuanzia ya juu kwenda chini, ilhali vigeu vya ndani ya funksheni hutupwa kinyume, wa mwisho kwanza. Nimeshakaa siku mbili na kijana mmoja hodari tukitafuta kwa nini programu yake inakufa wakati wa kufunga tu. Alikuwa ameweka kifaa juu na bafa chini yake. Tulihamisha mstari mmoja. Alifurahi akasimama juu ya kiti, na mimi nikamwacha asimame.

6. VkBool32, ndiyo au hapana ya Vulkan, ni u32 (namba ya biti 32). Usiifanye bool.

7. Kwenye kolibaki (funksheni yako inayoitwa na Vulkan) ya ujumbe wa leya za ukaguzi (zinazokagua unavyoitumia Vulkan), usiruhusu paniki (Rust kusimama kwa kosa) itoke nje. Tangu Rust 1.81 paniki ikivuka mpaka wa extern "C" programu inauawa palepale, na hiyo ni nafuu kuliko zamani, lakini mtumiaji wako haoni nafuu hiyo.

8. Foleni ya kazi za kadi inataka uzi (thread) mmoja kwa wakati mmoja. Vulkan haikulindi kwa hilo, imeliacha kwako. Kwa hiyo vkQueueSubmit yetu, ya kutuma kazi kwenye foleni, inadai &mut (mtumiaji mmoja tu kwa wakati), na ndiyo maana naikataa kila Sync (ahadi kwamba nyuzi nyingi zinaweza kukitumia kitu) mnayoiandika kwa mkono bila maelezo ya SAFETY juu yake. Maelezo maana yake ni sababu. "Ni salama" si sababu, nimeshaikuta mara nne.

9. Asiniambie mtu kwamba hana kadi ya picha. Lavapipe ya Mesa inaendesha Vulkan kwa prosesa peke yake. Ni polepole, ila laptopu ya mtumba kutoka soko la Kilombero inatosha kuendesha majaribio yetu. Washa leya za ukaguzi, jenga debagi, jenga na rilizi, kisha ndipo utume. Yote mawili, kila mara. Mimi nilijenga moja kwa wiki tano.

Wewe wa ombi la tatu: tawi lako sijalifuta. Ule mpango wako wa kugawa kumbukumbu kubwa moja kwa bafa nyingi ni mzuri kuliko tulionao, na nautaka kwenye toleo lijalo. Njoo Jumamosi asubuhi, uje na chaja. Tutaitoa hiyo transmute pamoja, mstari kwa mstari, halafu mtori ni juu yangu.